Namba Iliyosuguliwa kwenye Kadi ya Televisheni

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu Nyabuto hakunipa bisibisi wala waya. Alinipa kipande cha msasa. Duka letu lilikuwa mjini Kisii, mali ya mzee wa Kihindi tuliyemwita Mwenye Duka. Mbele aliuza redio na betri, na nyuma ya pazia palikuwa na meza ya ufundi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane tu, tena mwoga wa kusema. Hata salamu nilikuwa naitikia nikitazama viatu vyangu.

"Sugua hapa," Fundi Mkuu aliniambia, akinionyesha kijidude cheusi chenye miguu mingi, kile tunachokiita IC. "Sugua mpaka namba iishe."

"Ikiisha, tutajuaje ni ya nini?"

"Mimi nitajua. Yule fundi wa Daraja Mbili hatajua. Ndiyo kazi ya msasa, momura," alisema, akiniita kijana kwa Kikisii.

Ndivyo ufundi ulivyokuwa. Ukishagundua kwamba redio ya aina fulani hunyamaza kwa sababu ya IC fulani, ulibadilisha IC, kisha ukaifuta namba yake, ili fundi mwingine akiifungua redio hiyo asinakili dawa yako. Fundi Mkuu hakuandika chochote. Namba zote zilikaa kichwani mwake. Alikuwa mkali, lakini alinifundisha vizuri: kushika lehemu bila kuunguza, kupima kwa mita, na zaidi ya yote kufuata sauti. Unagusa miguu ya IC kwa ncha ya bisibisi, mmoja baada ya mwingine, na kidole chako kikiwa kwenye chuma. Pale njia ilipo nzima, spika itanguruma. Pale inaponyamaza, ndipo penye ugonjwa.

Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Kwa muda nilitumwa Nyamira kwenye kibanda chetu kidogo cha kupokea redio za wakulima wa chai, kisha nikarudishwa Kisii. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini, kazi ilikuwa imepungua. Watu walinunua redio mpya za bei rahisi, na zikiharibika walizitupa.

Hapo ndipo shule moja ya wasichana ya Nyamira ilipoagiza kompyuta. Mwalimu Mkuu wao alitaka kompyuta inayopokea televisheni na redio pamoja, wanafunzi wasikilize vipindi vya masomo. Mwenye Duka alituita mimi na Fundi Mkuu.

"Hii ikifanya kazi, shule nyingine zitakuja, na meza yenu itabaki," alisema. "Isipofanya, hapa nyuma naweka vitambaa. Sina ugomvi na nyinyi. Lakini vitambaa havihitaji fundi."

Mpwa wake, Dada Hansa, alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, naye akaletwa kusaidia. Kadi ya kupokea televisheni na redio, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, ilifika kwenye katoni bila diski yake. Kadi kama hiyo inahitaji draiva, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta namna ya kuongea nayo. Hansa alikuwa na mfumo wa kompyuta ambao maandishi yake yote yako wazi. Yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kuwapa wengine marekebisho yake.

"Bure?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Bure, Fundi."

"Hao watu wanakula nini?"

Hansa alicheka. Fundi Mkuu hakucheka.

Ndani ya draiva ya mfumo huo mlikuwa na orodha ya kadi zinazojulikana, na yetu haikuwemo. Hansa akataka kusoma namba zilizo kwenye kadi, ili ajue inafanana na ipi. Alipoitoa kwenye katoni alikuta IC ya sauti imesuguliwa, na lile kopo la chuma linaloshika mawimbi, yaani tuna, limekwanguliwa karatasi yake ya namba. Fundi Mkuu alikuwa ameishughulikia siku ilipofika. Ilikuwa inakwenda shuleni, watu wangeifungua.

"Fundi! Umeniulia kadi!"

"Haijafa. Nimeivisha nguo."

Hansa alikasirika, lakini hakuondoka. Alijaribu aina za tuna zilizo kwenye orodha, moja baada ya nyingine, hadi mtangazaji wa habari akatokea kwenye kioo, mwenye chengachenga, akifungua mdomo bila sauti. Tulifungua kompyuta. Fundi Mkuu akaanza kugusa. Aligundua kwamba sauti inaingia kwenye ile IC lakini haitoki. Ilikuwa ni swichi, na draiva ndiyo iliyopaswa kuifungua kwa kuipa namba sahihi.

"Badilisha," akasema, bisibisi mkononi. Hansa akaandika namba nyingine.

"Bado. Badilisha."

"Je, sasa?"

"Bado. Wewe andika tu, mama, mimi nasikiliza."

Tuliendelea hivyo mpaka mtangazaji akapaza sauti ghafla, na Mwenye Duka akaja mbio kutoka mbele. Fundi Mkuu alipanguza bisibisi kwenye suruali kama mtu aliyemaliza kula.

Lakini redio ilikataa. Hakuna namba iliyotoa sauti yake. Fundi Mkuu alisema sehemu ya redio imekufa, na mimi nilikubali. Hansa akaandika kwa Kiingereza yale tuliyoyapata kuhusu sauti ya televisheni, na swali letu kuhusu redio, akayatuma kwa diski hadi kwa ndugu yake Nairobi aliyekuwa na intaneti, awapelekee hao watu wa draiva. Jibu lilirudi kutoka kwa mtu tusiyemjua. Alishukuru, kisha akauliza: tuna yenu ina namba gani?

Hansa alisimama mbele ya meza. "Fundi, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Tuambie basi."

"Nikikuambia wewe, sawa. Lakini wewe utaiambia dunia." Akaendelea kulehemu. "Miaka yote hii watu wananijia kwa sababu gani? Kwa sababu ya sura yangu?"

Hansa alinitazama mimi. Nilikuwa sijawahi kumjibu Fundi Mkuu neno. Nilisema nikiangalia meza.

"Fundi, sisi sauti ya televisheni tumeipata. Redio hatujui. Yule mtu huenda anajua, lakini kadi hana. Ukikaa na namba, na yeye akae na jibu, hapa patawekwa vitambaa."

Fundi Mkuu alimaliza ile lehemu, akaipuliza ipoe. Kisha akataja namba polepole, tarakimu kwa tarakimu, bila kuinua uso, na Hansa akaandika.

"Na jina langu usiliweke," akasema.

Jibu la pili lilieleza kwamba sehemu ya redio haikufa. Kopo lile moja hufanya kazi zote mbili, ila kabla ya redio lazima lipewe amri ya kuhama kutoka televisheni. Hansa aliongeza amri hiyo kwenye draiva, na redio ikaimba. Shule ilichukua kompyuta yake. Zikaja nyingine, na meza ikabaki.

Fundi Mkuu hakubaki. Muhula uliofuata alihamia Keroka, akafungua kibanda chake na msasa wake. Hatukugombana. Alisema tu kwamba mahali ambapo namba zinatajwa kwa sauti hapamfai.

Toleo jipya la draiva lilipotoka, kadi yetu ilikuwemo kwenye orodha, na chini yake majina mawili, la Hansa na langu. Niliichapisha orodha hiyo kwenye karatasi, nikampelekea Fundi Mkuu kule Keroka. Aliipitishia kidole mpaka akafika kwenye namba ya tuna.

"Wameiandika sawasawa," alisema, akanirudishia karatasi, akaagiza chai.

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Kadi zile hazipo tena, televisheni imegeuka kuwa ya dijitali, na Fundi Mkuu ametangulia mbele ya haki. Mimi sikusugua namba tena baada ya kadi ile, ila simlaumu aliyesugua. Alikuwa analinda kitu pekee alichokuwa nacho, na siku ilipohitajika alikitoa huku akijua hatakipata tena. Vijana wakiniuliza ile kadi niliiwezaje, huanza na jina ambalo halikuandikwa.