Barua Iliyoandikiwa Namba ya Simu

Fundi saa, jirani yangu kazini, tulimwita Mzee Dakika. Mimi natengeneza simu, yeye saa. Meza zetu ziligusana miaka tisa, na hatukumaliza siku bila kutaniana. Kazi yangu aliiita kuchezea vioo.

Mzee huyu hakuzoea kuongea na mwanawe moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwa mkewe: "Mwambie mwanao avae koti." "Muulize mwanao kama amekula." Kijana alipohamia mbali kikazi, akawa anaandika ujumbe kwenye simu ya mama. Mama anausoma kwa sauti, mzee anatoa jibu, mama analiandika. Mambo yalikwenda.

Kisha mama akafariki. Simu yake ikabaki kwa mzee, na ujumbe ukaendelea kuingia. Aliusoma mezani akiwa amebana jichoni kile kioo chake cha kukuzia saa, halafu anaizima simu. Kijana akipiga, mzee anasema, "Tuko salama. Haya," anakata. Kwake simu ilikuwa ya kutangazia misiba.

Siku moja alinisogezea ile simu. Kijana alikuwa ameandika: "Baba, umenikasirikia? Nijibu hata neno moja."

"Lete nimjibu, mzee," nikamwambia. "Wewe sema, mimi naandika."

"Niongee na mwanangu kwa vidole vyako?"

Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia basi abaki na ukaidi wake, nikarudi kwenye kazi yangu. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Kesho yake alikuja na shati lake la kutokea, akaenda posta. Kila asubuhi akawa ananiuliza barua huchukua siku ngapi. Baada ya wiki mbili aliacha kuuliza, nami nikadhani imefika. Mwezi haukuisha, akaugua kifua siku tatu tu, akatutoka.

Kijana alikuja kuzika. Alipofika kukusanya vifaa vya baba yake, aliniuliza polepole, "Alikuwa na hasira na mimi?"

"Hapana. Si alikuandikia barua?"

"Sijapata barua yoyote."

Niliona haniamini. Akafungua droo ya chini, akatoa bahasha iliyofichwa chini ya mikanda ya saa. Pale pa anwani, kwa mwandiko safi kabisa, mzee alikuwa ameandika namba ya simu ya mwanawe, basi. Posta wameigonga muhuri: anwani haitoshi. Ilirudi kwa anwani yake iliyoandikwa nyuma, akaificha, maana mimi jirani yake wa meza ningemcheka. Na kweli ningemcheka.

Kijana aliifungua, akaitazama, akanipa.

"Nisomee," akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma: "Mke wangu, mwambie mwanao sijamkasirikia. Mwambie sijui naanzaje bila wewe."