Nusu Mkate wa Mzee Tolliver

Dada Vernell Gaines alipika katika shule ya mji wetu, hapa bondeni Mississippi, kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu, kanisa lilimkabidhi mlo wa mchana wa watoto, ule unaotolewa bure miezi ya joto shule zikiwa zimefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa namimina maziwa.

Chakula kilikuwa cha watoto tu, kiliwe palepale katika ukumbi wa kanisa, na mtu mzima asikiguse. Wiki ile mkaguzi wa serikali alikuwa ametutisha kwamba akikuta kosa, atatufungia huduma.

Mzee Elbert Tolliver, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha samaki, alikuwa akiwaleta wajukuu wake watatu. Jumanne moja mkubwa wao, Jalisa, wa miaka minane, alibakiza nusu ya mkate wenye nyama ya bata mzinga. Mzee akautia mdomoni.

“Mzee Tolliver!” Dada Vernell alipaza sauti toka jikoni. “Mtu mzima na mvi zako, unampokonya mtoto tonge?”

Kisha mtu akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mzee alikuwa na mkate mdomoni, hajui ameze au ateme. Akameza.

“Samahani, dada,” akasema, akatoka.

Kesho yake hawakuja. Wala keshokutwa.

“Watakuja tu, njaa haina kiburi,” alisema Dada Vernell, lakini kila mlango ulipolia alichungulia. Ijumaa alichuma bamia bustanini kwake, akakaanga samaki, akaniambia, “Haya, twende.”

Jalisa ndiye aliyetufungulia mlango wa kwao.

“Mbona huji kula, mwanangu?”

“Nikija utamgombeza babu. Na mimi ndiye niliyembakizia. Alikuwa hajala tangu jana yake.”

Dada Vernell akashika nguzo ya baraza. Mzee akatokea nyuma ya mtoto, akapokea samaki kwa adabu, akasema Jumatatu watoto watakuja. Hakutukaribisha ndani.

Dada Vernell angeweza kuishia hapo. Lakini moyo ulimchoma, akaona kwamba aliyemkosea mtu mbele za watu hana budi kumwomba radhi mbele za watu. Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, alisimama na kofia yake nyeupe, akalia, akaeleza yote: mkate, njaa, na jina la mzee.

“Amina! Sema, dada!” watu wakaitikia.

Mzee Tolliver alikuwa benchi la nyuma, macho kwenye kitabu cha nyimbo. Ibada ilipokwisha, alimsubiri nje penye magari.

“Dada Vernell, najua ulikusudia mema,” alisema polepole. “Lakini kule ukumbini walikuwa watu ishirini. Leo wamekuwa mia mbili.”

“Sasa nifanyeje, mzee wangu?”

“Usifanye kitu. Walishe watoto.”

Watoto walikuja mpaka Agosti, shule zilipofunguliwa. Mzee alibaki garini, vioo vimeshushwa, jua likimuunguza. Dada Vernell alipakua bila kutazama upande wa dirisha. Siku moja alinishika mkono.

“Nilidhani natubu,” alininong'oneza. “Kumbe nilikuwa nautua mzigo wangu kichwani mwake.”

Yeye walau alijaribu. Mimi niliyecheka sijamwomba mzee yule radhi hata leo.