Kikapu Ambacho Hakikuwa Sadaka

Daftari hili nimelikwepa siku tisa, kwa sababu kila nikishika kalamu naona kile kiazi kinabingirika. Lakini parokia nzima ilikiona, sasa namficha nani.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kusema. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi kwetu Butihinda nikiwa na miaka kumi, na sasa nasoma Gitega, nakaa Nyamugari kwa mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yangu. Shuleni wananiita Mtanzania kwa ajili ya Kiswahili changu, basi nimezoea kufunga mdomo. Ndiyo maana nilipenda Majilio ya mwaka huu kuliko hata Noeli yenyewe. Padri wetu alisema kwamba katika majuma yale manne ya kungojea Noeli, baada ya komunyo, hakuna wimbo, hakuna ngoma, hakuna matangazo, tukae tu kimya mpaka yeye asimame. Kanisa zima linanyamaza kama mimi. Nilikuwa nasubiri dakika zile tangu Jumatatu.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya tatu nilienda Butihinda kumaliza matanga ya mama, maana mwaka ulikuwa umetimia. Nguo zake ziligawanywa, na bibi akanipa fungu langu ndani ya kikapu cha mfuniko, kile chenye ncha juu: sweta ya kahawia, shimizi, na kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu. Kitenge kilikuwa bado kinanuka mama. (Nilijifunika nacho kichwani usiku ule, bibi akajifanya haoni.) Akaniambia, "Utagawana na mama yako mdogo, mtachagua wenyewe." Alfajiri akaniwekea viazi vitamu viwili vya njiani, nikapanda gari Muyinga, na kiazi cha kwanza nikakimaliza kabla hatujafika mbali.

Sasa uamuzi wenyewe, mdogo kabisa: gari liliposimama Gitega, misa ilikuwa imeshaanza, na nyumbani ni mwendo wa robo saa. Nikaona nikipeleka kikapu kwanza nitakosa kile kimya. Nikaingia kanisani nacho, nikakaa benchi la mwisho, nikakipakata.

Nilichosahau ni kwamba Jumapili ya tatu ilikuwa ya nguo za maskini. Ilitangazwa majuma mawili. Na ncha ya kitenge ilikuwa inachungulia kwenye mfuniko.

Wakati wa matoleo ngoma zikapigwa, watu wakajipanga na vikapu na mafurushi kwenda mbele wakicheza, na Papa Paskali (huku papa ni baba tu), mzee wa protokoli anayepanga watu, mwenye utepe begani, akaniinamia.

"Weye mwanangu, unakaa kwa nini? Mstari iko inaenda."

"Papa, hii ni ya..."

"Usiogope. Mungu haangalie ukubwa ya kikapu."

Watu wa benchi wakaanza kunipisha, magoti yote yakageuka upande mmoja, na mimi (hapa ndipo ninapojichukia) nikasimama. Nilifikiri nitafika mbele, nimnong'oneze padri, nirudi nacho. Lakini kwenda mbele ni kwa kucheza, na mimi sijui kucheza, nikawa naruka pale wanapokanyaga na kukanyaga pale wanaporuka, na kwenye ngazi ya altare nikamkanyaga kisigino mwanamke aliyekuwa mbele yangu. Nikayumba, mfuniko ukaanguka, shimizi ya mama ikaning'inia nje mbele ya watu wote, na kiazi kilichobaki, ambacho nilikuwa nimeshakiuma, kikabingirika taratibu mpaka chini ya mishumaa ya Majilio, kikatulia hapo na alama za meno yangu zikitazama kwaya.

Kwaya ikacheka. Halafu kanisa lote.

Padri akainua mkono. Akasema kwa Kirundi, polepole, msimcheke mtoto huyu, ametoka njiani amechoka na ametoa hata chakula chake. Ametoa vyote. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na yeye akakipokea kikapu mikononi mwangu kwa upole kabisa.

Niambieni, baada ya makofi yale unasemaje?

Kimya cha siku ile nilikimaliza chote nikilia. Jirani yangu akanipigapiga mgongoni, nadhani aliona ni utakatifu.

Nje, mama mdogo alinishika mkono. Alikuwa kwenye kwaya, alikiona kitenge.

"Nguo ya dada yangu. Umetoa bila kuniuliza?"

"Sikutoa, mama mdogo. Papa Paskali aliniinua."

"Na mdomo hukuwa nao?"

Akaniachia mkono. "Enda uwaambie basi."

Nilikwenda, naapa nilikwenda. Lakini nguo hugawanywa palepale uani, na nilipofika kikapu kilikuwa kitupu, na kitenge kilikuwa tayari mgongoni mwa Mama Divini, mwenzetu aliyerudi kutoka kambini mwaka jana, amembeba nacho mtoto. Akaniona, akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akurudishie, mwanangu. Huyu mtoto nilikuwa nambeba na gunia niliyoshona."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima nimeipanga. Kilichotoka ni "Karibu."

Wiki nzima mama mdogo alinipakulia chakula bila kunitazama. Ni mtu aliyefiwa na dada, na mimi nilikuwa na kitu cha kumpa.

Jumapili ya nne nilikaa benchi lilelile, mikono mitupu. Mama Divini akaja akakaa karibu nami, sijui kwa nini, nafasi zilikuwepo. Komunyo ikaisha, kimya kikaingia. Niliinama kidogo, nikakinusa kitenge mgongoni mwake: moshi, maziwa, mkojo wa mtoto. Mama hayumo tena. Kuna alama ya pasi pembeni, mama alikiunguza siku ile tunarudi kutoka kambini, nikaitafuta kwa kidole, nikaipata, nikauacha mkono hapo. Mama Divini aliona. Akasogeza mgongo kidogo upande wangu.

Tangu hapo siingii kanisani na kitu chochote chenye mfuniko. Na nimeapa kwamba mtu akiniinua siku nyingine nitasema hapana, hata kwa sauti ndogo. Jana nilijaribu mbele ya kioo. Haikutoka.