Nilivyokwenda Kilabuni Kuhubiri Peke Yangu

Wapendwa, sauti hii mnayoisikia ilikaribia kuzimika, basi acheni niitumie kumshukuru Mungu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Mirongo. Zamani gongo ndiyo ilikuwa chai yangu. Bila kuinywa, mikono ilitetemeka na kazi haikushikika. Siku moja nikatapika damu. Daktari akaniambia, "Tumbo lako lina vidonda vibaya. Ukinywa tena, usinilaumu." Nikaokoka, nikabatizwa ziwani, nikaacha pombe. Nikanenepa, nikaanza kuimba besi kwenye kwaya.

Tatizo, kichwa nacho kikanenepa. Kanisani kwetu Buswelu, aliyetoka kwenye ulevi haendi kuhubiri vilabuni bila mwenzake. Mzee wa kanisa akanikumbusha, "Masalu, tunakwenda wawili wawili."

"Mzee, huo ni utaratibu wa wachanga," nikamjibu. "Mimi na pombe ni talaka tatu!"

Nikaenda peke yangu, Biblia kwapani. Nikahubiri mpaka jasho likanitoka. Kulwa, niliyekuwa nikinywa naye zamani, akanisukumia glasi. "Kama kweli umeishinda, onja halafu uteme."

Badala ya kuondoka, nikataka kumwonyesha. Nikaonja. Sikutema.

Glasi zikafuatana. Tumbo likawaka moto, nikatapika damu juu ya Biblia yangu mwenyewe. Kulwa ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali huku akilia, "Jamani, mhubiri asinifie!"

Nilipozinduka nilijifunika shuka usoni. Nilimwonea Mungu aibu. Nikamwambia mke wangu kwamba kanisani sirudi tena. Akalivuta lile shuka.

"Baba Neema, Mungu alikupenda ukiwa mlevi, leo ndiyo amekuchoka? Kunywa uji."

Nikanywa, nikalia, nikatubu kijiko kikiwa mkononi. Jumapili niliyopata nguvu, mzee alinipokea mlangoni. Hakunisema. Alinishika mkono tu, akasema, "Karibu, mchanga." Nilicheka mpaka kidonda kikanikumbusha kwamba bado kipo.

Basi, ndugu yangu uliyeanguka, usikae hapo chini ukijipangusa vumbi siku nzima. Inuka urudi nyumbani. Nawe uliyesimama, shika mkono wa mwenzako. Mimi dawa za hospitali nilimeza zote, na kilabuni sikanyagi peke yangu, ingawa siku hizi naona nimekomaa kiroho kuliko wengi wenu...

Mmesikia anayekohoa pale nyuma? Ndiye Kulwa, naye ameokoka. Tulipatana kwamba nikianza kujisifu, akohoe.

Haya, nakaa.