Siku Sare Ilipokula Baiskeli Yangu

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo hata nikisahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami kijana wa Paya, kijiji cha upande wa Uganda, mwenye miguu ya chuma na kichwa cha boga. Kazi yangu ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli pale Busia, kutoka kizuizi cha Uganda hadi cha Kenya. Neno bodaboda ndiyo kwanza lilikuwa linaota meno. Mbio hakuna aliyeniweza. Usicheke, waulize wenzangu, ingawa tumebaki wachache.

Sisi wa baiskeli tulikuwa na mchezo wetu. Tulishindana tukiwa tumepakia magunia ya mihogo, na watazamaji wakawekeana kuku. Ukisema Okoth atatangulia, na Okoth ndiye mimi, basi ama atatangulia ama hatatangulia, habari imekwisha. Mbio zetu hazikujua kitu kinachoitwa sare. Huko ndiko nilikojifunza kubeti, na huko ndiko nilikoharibikia.

Upande wa Kenya alikuwepo Fundi Barasa, mshona nguo aliyeandika madau ya watu kwenye daftari kila timu ya Busia ilipocheza mpira. Alikuwa mtu wa haki, simsingizii. Jumapili hiyo ilikuja timu ya wafanyakazi wa kiwandani kutoka Tororo, na Busia siku hizo ilikuwa haishikiki. Nikaona kuku ni mambo ya watoto. Nikaweka baiskeli yangu, ili Busia ikishinda nipewe ya pili.

Fundi alinitazama juu ya miwani. "Kijana, mchezo huu umeuelewa? Kuuliza si ujinga."

"Fundi, kuna kushinda na kushindwa. Mimi ninasimama na Busia."

Mpira uliisha mbili kwa mbili. Nikaenda kwa Fundi nikipiga mluzi, nichukue baiskeli yangu, maana nilijua hakuna aliyeshindwa. Yeye akafungua daftari taratibu. "Ulisema Busia itashinda. Imeshinda?" Nikasema haikushinda. "Basi dau limekwenda. Sare nayo ni jibu, na wewe hukuitaja."

Fundi alikuwa na desturi moja nzuri. Chombo cha kazi hakukiuza mpaka soko la pamba lifungwe, na mwenyewe akileta mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kabla ya hapo, alikichukua. Nikarudi Paya kwa miguu, na njia ile niliyokuwa naimaliza kwa nyimbo mbili ikanichosha mpaka jioni.

Shangazi yangu, waya kama tunavyosema kwetu, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Athieno baada ya wazazi kufariki. Alikuwa anapepeta mtama. Hakusimama. "Okoth, we nakuja na miguu. Baiskeli iko wapi?"

Nikamwambia. Ungo ukaanguka.

"Ile haikuwa chuma," akasema. "Ile ilikuwa ng'ombe ya mahari ya Athieno. Mimi naiuza nikupe kazi, nawe ukacheza na dada yako."

Mwanangu, nimezika watu, nimeumwa na nyoka, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumizwa na maneno yale. Nililia mbele yake bila kujificha. Aliponiona nimemaliza, akaniambia nikalime pamba kwa askari mstaafu mmoja wa Rubongi, aliyekuwa akilipa mtamba kwa msimu. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. "Na huyo fundi, rudi kwake, akufundishe. Kitu imekula wewe, ujue meno yake."

Basi siku sita nikalima, ya saba nikaenda Busia kukaa kando ya cherehani. Fundi alinifunza akishona. Dau la kwanza, alisema, ni la mshindi, na mpira una milango mitatu: huyu, yule, au sare. La pili ni la mabao. Humtaji mshindi, unasema tu yatakuwa mengi kuliko idadi fulani au machache. La tatu ni mnyororo: unafunga michezo kadhaa pamoja, na pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Ndio huo nyinyi mnauita mkeka.

Pamba ilipoanza kufumbuka, ikafika Jumapili yenye mechi tatu. Fundi akaniita. Nikitabiri zote tatu sawasawa, nichukue baiskeli bure. Nikikosea moja, nisiidai tena, hata kwa mtamba. Vijana wenzangu walikuwa wamepanga foleni kuweka madau yao.

Mgongo ulikuwa unauma, na pale mbele niliiona kengele ya baiskeli yangu inang'aa. Nikachuchumaa, nikachukua punje za mahindi. Mechi ya kwanza, punje tatu. Kila moja ikazaa tatu za mechi ya pili, zikawa tisa. Kila moja ya hizo tena tatu, zikawa ishirini na saba. Katika ishirini na saba zile, yangu ilikuwa moja tu. Nikainuka, nikajipangusa magoti. "Fundi, mimi nitaleta mtamba."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu sasa amesoma."

Lakini mechi nilizitazama, na moyoni nilikuwa nimeshachagua. Ya kwanza nikapatia. Ya pili nikapatia. Ya tatu nilikuwa nimetaja mshindi, ikaisha sare, pete ikakatika, nami nikaruka ukingoni mwa uwanja kama niliyefunga bao mimi. Watu wakadhani nina wazimu. Sikuwa nimeshinda kitu, mwanangu, na bado sijawahi kushinda vile.

Mavuno yalipokwisha nilimswaga mtamba wangu kutoka Rubongi hadi Busia, na jioni nikaingia Paya nikipiga kengele tangu mtoni. Waya alitoka nje. Nilimpakia nyuma tu, tukazunguka kijiji kizima, yeye akipungia watu mkono kama bibi harusi. "Punguza," alisema, kisha akasema, "Usipunguze sana."

Basi sikiliza nasaha yangu. Kama huujui mchezo, usiuwekee hata yai. Hesabu milango kabla ya kuchagua mmoja. Mnyororo mrefu unavutia, nao ndio unaokatika upesi, maana mtaka yote hukosa yote. Na kitu kilichotoka kwenye jasho la mwenzio si dau, hata wakuahidi mbingu. Ukishaanguka, rudi kwenye jembe. Mchumia juani hulia kivulini.

Mungu akupe mikono isiyochoka na macho ya kuuona mlango wa tatu. Na siku utakayorudi nyumbani na kilicho chako, akujalie mtu wa kumpakia nyuma.