Kelele Zilizovuka Bahari

Mji mkuu wa kisiwa chetu hauna siri: ukipiga chafya sokoni, unaombewa afya mtaa wa tatu. Mji mkuu wa kisiwa alikoolewa binti yake Bi Chanuo, upande wa pili wa dunia, watu hufunga milango taratibu kama wezi. Ukicheka kwa nguvu, jirani anakuja kugonga. Na pamoja na ustaarabu wote huo, wako nyuma: huku saa nne asubuhi ya Jumanne, wao bado wanahangaika na usiku wa Jumatatu.

"Mjukuu wangu anaishi jana," Bi Chanuo huwatania wateja saluni kwake.

Hiyo jana ilimfaa. Binti ndiyo kwanza amejifungua, mume yuko melini, usingizi anausikia kwa watu. Basi wakapatana. Usiku wa kule, binti anaegesha simu penye kitanda cha mtoto, imeunganishwa na spika ili bibi amwimbie, kisha anakwenda kujitupa kochini sebuleni. Huku bibi mtu, mchana kweupe, anasuka na kulinda. Simu yake kaiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, na saluni nzima inanong'ona. Saluni, kunong'ona!

Jumanne hiyo alikuwa anamsuka mwalimu wa hesabu. Nusu ya kichwa imelala, nusu imesimama kama imeona jini. Mwalimu ndiye aliyeshtuka.

"Shoga, blanketi mbona liko usoni?"

Kweli. Mtoto alikuwa amelivuta likamgubika uso mzima. Miguu inarusharusha, kilio kinatoka kama cha paka aliyetiwa guniani.

"Mwanangu! Amka!" Bi Chanuo aliita. Kimya. Kumpigia haiwezekani, simu ya binti ndiyo hiyo iliyo kitandani. Akajikuta anakikwangua kioo cha simu kwa kucha, kama blanketi lingevutika.

"Jamani, nisaidieni kupiga kelele!"

Kazi hiyo hawakuhitaji semina. Mwalimu akapaza sauti yake ya gwaride. Msusi wa pili akalitwanga beseni. Aliyekuwa chini ya draya akachomoka na rola zake, akapiga yowe la msiba. Binti, wapi! Kalala kama gogo.

Ghafla, mlango wa kule: ngo! ngo! ngo! Jirani huyo, wa ukuta mmoja na chumba cha mtoto, kachoka na kelele. Kochi liko ubavuni mwa mlango, binti akazinduka, akasikia "Blanketi! Blanketi!", akakimbilia chumbani, akalifunua.

Mtoto akavuta pumzi, kisha akalia kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Saluni ikalipuka vigelegele. Mlango ukagongwa tena.

"Mama, jirani kaja kushtaki."

"Mlete nimwone!"

Akatokea bibi mmoja katika gauni la kulalia, uso kaufunga kabisa, akakutana na nusu kichwa cha mwalimu.

"Dada yangu," Bi Chanuo alisema, machozi yanamchuruzika, "Mungu akuzidishie hasira! Umeniokolea mjukuu. Siku nyingine ukisikia kelele, usivumilie hata kidogo!"

Binti akatafsiri. Yule bibi akamtazama mtoto, akaitazama simu, akatamka maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anasema mpunguze sauti, mtoto anataka kulala."

Kisha yule bibi akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akamwonyesha binti kochi kwa kidole: nenda.

Bi Chanuo akazirudia nywele za mwalimu, mstari wa kwanza akaufumua mara mbili.

"Shoga, leo mistari ikipinda unisamehe."

"Pindisha tu," alisema mwalimu wa hesabu, akijifuta macho kwa taulo la saluni.