Kumfuata Mlembe Bondeni Kundelungu

Nilikwenda Kundelungu kwa sababu ya wivu, na afadhali niseme mapema. Nafundisha biolojia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na katika kundi letu la wapenda ndege kila mtu alikuwa na picha ya mlembe, yule ndege wa kijivu anayewaita watu porini na kuwapeleka penye nyuki. Mimi tu sikuwa nayo. Wakaniita mwalimu wa kitabuni.

Jumamosi alfajiri nilitoka Lubumbashi kwa gari la shemeji yangu. Mpaka saa nne nilikula vumbi la malori, huku magunia ya makala, mkaa wa kupikia, yamepangwa kando ya barabara. Baadaye malori yakaisha na mlima wa Kundelungu ukaonekana.

Jioni nilipokewa na Papa Ilunga, mtoa asali niliyeelekezwa kwake na jirani yangu. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki wakavu. Alinieleza kwamba kesho yake magharibi wangefika watu wa kumposa binti yake, Clarisse. Katika ukoo wao baba hufungua mazungumzo kwa asali aliyoitoa mwenyewe; ya kununua ni aibu. Chungu chake kilikuwa kitupu.

"Ule ndege utamuona," akasema. "Lakini asali njo ya kwanza, Mwalimu."

Nilikubali upesi kwamba asali itangulie, kama mtu asiyesikiliza.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, tulishuka bondeni. Kiangazi kilikuwa kinaisha na miti imetoa majani mapya mekundu. Kufika saa mbili nilikuwa nimeandika aina kumi na moja za ndege, wakiwemo chozi wawili, vile vindege vinavyonyonya maua, waliogombania ua moja.

Saa tatu mlembe akaita. Papa Ilunga akamjibu kwa mluzi. Ndege akaruka hadi mti wa mbele, akangoja, akaita tena. Tulimfuata hivyo nusu saa nzima, naye hakutua hata mara moja penye mwanga.

Hapo nikaleta ujanja wangu wa mjini. Papa Ilunga alikuwa ametangulia. Nikatoa simu, nikachezesha sauti ya mlembe dume. Ndege akageuka, akatua hatua tano kutoka kwangu, kifua juani. Nilipiga picha tisa, na nilifurahi sana.

Kisha akatokomea. Papa Ilunga akanirudia, akapiga mluzi mara mbili. Kimya.

"Ulimufanya nini?"

Nikamwonyesha simu.

"Anawaza kuko mwanaume mwingine mu pori yake. Leo hatatupeleka tena." Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi.

Tulitafuta nyuki kwa macho yetu mpaka saa tisa. Hatukupata kitu.

Tuliporudi magharibi, wageni walikuwa wameshaketi uani, wamevaa nguo za kanisani. Papa Ilunga alisimama nyuma ya nyumba, akaomba kuona picha.

"Iko muzuri," akasema, akanirudishia simu. "Sasa bale bageni nitabaambia nini?"

Akaenda kwao mikono mitupu. Waliongea kwa heshima, kisha wakaaga: mazungumzo yangefunguliwa siku asali itakapopatikana. Hawakutaja siku.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaondoka, aliyeniletea maji ya kuoga alikuwa Clarisse. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama nililala salama. Sikuweza kumtazama.

Jioni nilikuwa Lubumbashi. Kundini waliisifu picha, na jina la mwalimu wa kitabuni likaisha. Nimejifunza kupiga mluzi, na simu sasa naiacha garini nikiingia porini. Clarisse bado anangoja.